Kilo Nne

Kabla ya neno lolote, mkono unatafuta swichi ya betri.
Taa kumi na moja zinawaka pamoja, nyekundu na manjano,
nami nazihesabu zinavyozimika
kama mama ahesabuye watoto wanaoingia ndani usiku.
Tupaarnaq anasoma orodha. Anaijua kwa moyo, anaisoma.
Nami najibu kwa kidole, nikigusa kila ninachokitaja.
"Vali ya mafuta?"
Imefunguliwa.
"Breki ya rafadha?"
Imeachiwa.
"Milango?"

Mlango wa nyuma u wazi.
Kaarali amesimama pale na sanduku lake.

Zima betri.

Isortoq, Februari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Karatasi ya uzito naiweka juu ya goti, penseli imeganda ncha:
mafuta, barua, mwalimu na gitaa lake,
mapipa mawili matupu, begi la kujiokoa ambalo haliguswi,
Kaarali na makoti yake yote,
na hilo sanduku, nyama ya sili,
ya binti yake Bibiane aliyejifungua juzi huko Nuuk,
ambako, asema, wanamlisha supu ya pakiti.

Tumezidi kilo nne.

"Kilo nne ni paka," asema Kaarali.
Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mizani yangu haijui methali.
Na kama ingejua, ingenikumbusha ile nyingine:
haba na haba hujaza kibaba,
na siku kibaba kinapofurika uko juu ya barafu iliyopasuka,
upepo umegeuka, umevuta wenzo hadi kwapani,
na mashine haipandi.

Sikumwambia hayo. Nilimwambia, nne.

Akakaa juu ya theluji. Akachomoa kisu.
Akakata pande, akala. Akakata jingine, akala,
akinitazama jicho kwa jicho, mafuta yakimganda ndevuni.
Alipomaliza akaliinua sanduku: "Sasa!"
Nikamwonyesha mizani, sanduku kwanza, kisha yeye.
Sanduku lilikuwa limepungua.
Kaarali alikuwa ameongezeka.

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Tupaarnaq.
Kaarali alikasirika dakika nzima,
kisha akapiga mluzi,
na watoto wakatoka nyuma ya duka, na mbwa nyuma ya watoto,
na mwanamke mmoja wa ofisi ya posta, kalamu ingali sikioni.
Wakala wima, mvuke ukiwatoka vinywani.
Kila aliyepokea alitaja jina la Bibiane.
Kilo nne zilikwisha kabla chai ya termosi haijapoa.

Washa betri. Taa kumi na moja. Tupaarnaq anaanza juu kabisa,
si pale tulipoishia; orodha iliyokatwa haiungwi kwa mate.
Naziangalia nyuzi za joto la injini zikikimbilia juu,
kidole tayari kukata mafuta zikipita alama.
Hazikupita.
Shinikizo la oili linaamka polepole, kama mtu mwenye homa.
Subiri. Subiri tena. Mstari wa kijani.

Naipandisha futi tano, natulia hapo.
Theluji inainuka pande zote, dunia inakuwa maziwa,
nabakiwa na jiwe moja jeusi la kushikilia kwa macho.
Mshale wa nguvu unatetemeka
uzi mmoja chini ya wekundu.
Nani aliuchora ule wekundu, sijui.
Najua hakuuchora akiwa na furaha.

"Tunaenda?" auliza Tupaarnaq.
Jiwe lipo. Mshale upo.
Tunaenda.

Nyuma, Kaarali kalikumbatia sanduku kama ndiye mjukuu.
Glavu zangu zinanuka shahamu.
Ndiyo, nami nilipewa kipande, upana wa vidole viwili,
na sikuweza kukataa, kwa kuwa jina lilikuwa limeshatajwa.
Lakini kwenye karatasi, mbele ya neno *rubani*,
nilifuta sabini,
nikaandika sabini na moja.