Nyinginezo

Fomu ina visanduku vitatu vya sababu ya kuchelewa:
umbali, fedha, nyinginezo.
Miaka sita natia alama
katika zahanati yetu ya Siyu,
na kila mwaka ukifungwa
nyinginezo ndiyo iliyofura.

Hakuna aliyeuliza imekula nini.

Waliuliza jumla. Jumla ni neno pana
kama buibui la kuazima:
humfunika kila mtu, halimkai yeyote.
"Wagonjwa mia mbili na kumi na wanne,"
nikaandika, nikatia sahihi,
ikavuka hadi Lamu, ikabanwa na klipu,
ikarudi kitanda.
Kitanda cha kujifungulia, cha chuma, chenye magurudumu,
kipana kuliko mlango wa chumba.
Kiko ukumbini hadi leo. Tunawekea maboksi ya glavu.

Mwaka huu nilishika penseli
(kalamu ingeonekana uasi)
nikachora mstari katikati ya jumla:
wanawake huku, wanaume huku.
Kisha mwingine: alifika saa ngapi.
Mwingine: alisubiri ruhusa ya nani.
Mwingine: nani alibaki na watoto.
Ukurasa ukafumuka kama mkeka,
ukili kwa ukili,
na kila ukili nikaujua kwa jina.

Mwanaamina, uchungu tangu alfajiri,
aliletwa magharibi.
Umbali? Hatua mia tatu, nimezipima mwenyewe.
Fedha? Anazo, zimefundikwa kwenye pindo la leso.
Mume yuko Mombasa, simu imezimwa,
na mavyaa kasimama mlangoni:
"Mke wa watu hatolewi kwa neno langu peke yangu."
Mtoto hakulia.
Nyinginezo.

Somoe alikuja mara nne, akageuka mara nne.
Dirisha la kadi linatazama baraza
wanapocheza bao wakwe zake,
na karani alikuwa akipaza sauti:
"Wasumbuliwa na nini, na wapi hasa?"
Karani ni mimi.
Nyinginezo, nikaandika,
na herufi zangu zikapinda.

Nao wale wa jabia, ndoo kichwani,
hupita wakati tunafungua
na hurudi tukitia kufuli.

Kikaoni, mwenyekiti alivua miwani.
"Na wanaume? Au hii sera ni ya upande mmoja?"
Swali hilo nililisubiri tangu penseli.
Nikafungua upande wa pili: thelathini na wawili tu.
Si kwamba wengine ni wazima.
Mlango wetu umeandikwa MAMA NA MTOTO.
Lali bin Shee alifika na kidonda cha sukari,
akasoma, akaenda zake.
Mguu wake umezikwa kabla yake.

"Lakini tunagawa sawa," akasema, "vituo vyote."
"Sawa kabisa, Bwana.
Kitanda mlitupa sawa na wengine.
Ndiyo maana hakiingii."

Mtu mmoja alicheka, kisha akakohoa kuficha.

Wametupa alasiri mbili kwa juma.
Dirisha limehamia nyuma, penye mtopetope.
Lile swali, "Mume wako amekubali?",
tulilozoea kuuliza kabla ya kuita boti,
wamesema litajadiliwa kikao kijacho.
Kikao kijacho hakina tarehe.
Mimi nimeacha kuliuliza.
Hilo halimo kwenye kumbukumbu za mkutano.

Fomu mpya ina visanduku vinane,
cha mwisho bado ni nyinginezo.
Mpiga chapa aliniuliza kama tukifute.
Nikamwambia akiache, ila chini yake
aongeze mistari mitatu mitupu.

Penseli nimeifunga uzi,
inaning'inia dirishani, upande wao.
Asiyeweza kuandika, nitamwandikia.
Aniambie polepole.
Nimejifunza kuuliza kwa sauti ndogo.