Maji Yasiyomwagika

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Yangu hayakumwagika.
Yalikaa mle mle nilimoyatia, Oktoba,
kwa birika la kumwagilia maua,
nikisema kesho nitanunua dawa ya kuzuia barafu,
na kesho ikaja na theluji,
na kesho yake ikaja na nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Machi, Veikko alimulika tochi chini ya kabureta.
Ufa ulipita ubavuni mwa injini
tangu silinda ya pili hadi ya tano,
mwembamba kama unywele juu ya sabuni.
Hakunigombeza. Alizima tochi tu,
na hilo likaniuma zaidi.

Datsun ya mwaka sabini na mbili, rangi ya haradali,
boneti ndefu kama kitanda cha mgeni.
Niliinunua kwa miaka sita ya kupeleka barua
huku wenzangu wa posta wakijenga sauna.

Basi tukaanza kutafuta.
Mtu wa Tampere alikuwa na injini ya Kimarekani, silinda nane:
"Itaingia," alisema, "ukikata kidogo."
Veikko akamuuliza akate wapi.
Akataja ukuta wa mbele, mhimili wa usukani,
bomba la breki, na sehemu ya sakafu.
Kumbe kidogo nacho kina ukubwa wake.
Wa Turku alikuwa nayo hasa, namba kwa namba;
kwa bei yake ningeuza nyumba nikalala garini.
Wa Oulu aliahidi, kisha akabadilisha simu.

Injini haikai kwa mapenzi.
Hukaa kwa milimita:
matundu ya maunting yaangaliane,
meno ya giaboksi yapate pa kuuma,
kimo cha kikombe kilingane na klachi yake,
la sivyo unakanyaga
na gari halina habari kwamba umekanyaga.

"Tuache kumtafuta pacha," Veikko alisema,
mdomo umejaa mkate. "Tumtafute ndugu."
Yangu ilikuwa ya lita mbili nukta nne.
Kaka yake ana mbili nukta nane,
tumbo moja, kiwanda kimoja,
ila yeye alipelekwa kubeba mizigo.

Tulimkuta nje ya Kuhmo,
ndani ya Patroli iliyooza sakafu,
mali ya Tauno Hyttinen, mkata miti.
"Hii inajua magogo," Tauno alisema. "Haijui mbio."
"Itajifunza."
"Na wewe, una miaka mingapi?"
"Sitini na tisa."
Alicheka mpaka akakohoa, akapunguza bei.
Sharti lake moja: nimletee ile iliyopasuka.

Bakuli la oili la Patroli lilikataa,
likigonga chuma cha mbele;
tukalivua, tukaivisha lile la zamani.
Kabureta zangu mbili zikarudi mahali pake.
Na maunting,
maunting ziliingia bila nyundo.
Veikko, asiyeamini kitu tangu kipaimara,
alivua kofia.

Sauti si ile. Ni nzito, ya mtu wa shamba.
Inaupanda mlima wa Vuokatti
kama aliyezoea matope
na leo kapewa lami, haamini, anaongeza mwendo.

Ile ya zamani tuliisafisha siku nzima,
oili yote, grisi yote, maana ziwa si jalala.
Tauno aliifunga mnyororo
akaizamisha iwe nanga ya gati lake.

Sasa ni Januari.
Datsun imelala na dawa yake; nimeipima mara mbili,
jana usiku mara ya tatu, nimevaa koti juu ya nguo za kulalia.
Barafu ya ziwa imefika nusu mita, watu wanapita na skii.
Chini yake ufa wangu umejaa maji tena,
na hayo, kwa kina kile,
hayagandi.