Sikio Dogo

Daftari langu ni jembamba, waya juu,
nililinunua soli tatu mkabala na mahakama ya Abancay,
pamoja na penseli mbili.
Kalamu ya wino ilinikaukia siku moja katikati ya kiapo.
Sirudii.

Bi Saturnina Ccorahua anasimama. Kofia ameivua,
hajui aiweke wapi, anaikumbatia tumboni.
Anasema Kikechua dakika sita, hameza mate.

Siandiki maneno. Maneno ni changarawe,
ukiokota moja moja mto unakupita.
Nachora: pembetatu, mlima. Viwimbi viwili, maji.
Sanduku, kampuni. Mshale toka sandukuni hadi majini.
Pembeni kushoto, peke yake, LKN,
maana ushahidi wote hupinda kona penye lakini.
Tarakimu naziandika nzima, zingali moto:
alpaka 41. Machi 9. Saa kumi alfajiri.
Kisha mstari mnene, wazo lisimwagikie wazo.

Mwalimu wangu Hermógenes alikuwa akigonga meza:
"Anayeandika sana hasikii!"
Yeye hotuba nzima aliibeba kwa alama tano.
Niliziona. Sikuzielewa.
Wiki moja baadaye hata yeye hakuzielewa.

Na Kikechua kina mkia ambao Kihispania hakina:
-mi, nimeona kwa macho yangu;
-si, nimeambiwa.
Cha kwanza nakichorea jicho, cha pili sikio.
Alpaka walikunywa, wakapiga magoti: jicho.
Maji yalinuka chuma: jicho.
Mume wangu alikwenda usiku kulitazama bwawa: jicho.
Akateleza:

sikio.

Nasimama. Nasoma mchoro wangu kutoka juu hadi chini
kama mtu anayeshuka ngazi gizani,
nikifika pale nasema: eti aliteleza. Ndivyo alivyoambiwa.

Wakili wa kampuni ameshainuka.
"Mkalimani ameongeza! Shahidi hakutamka neno 'eti'."
Kweli, neno hakulitamka. Lilikuwa mkiani mwa neno jingine,
dogo, silabi moja, kama kupe sikioni mwa ng'ombe.
Hakimu ananitazama. Nageuza ukurasa nyuma.
Lipo. Nililichora vibaya, linafanana na maharage,
lakini lipo.
"Muulizeni," nasema. Wakamuuliza: nani aliona?
Akawataja watu wawili. Wote wana mishahara ya kampuni.

Ukumbini, karatasi zikisubiri kuchanwa kama sheria inavyotaka,
Bi Saturnina ameomba kuona nilivyomwandika.
Hajui kusoma; na hapa hakuna cha kusomwa.
Kidole chake kikapita juu ya sanduku, juu ya mawimbi,
kikasimama kwenye pembetatu.
"Huu si mlima wetu," akasema. "Wetu una vilele viwili."

Nikachukua penseli.