Mwaka wa Vipuri

Baba alikuwa fundi wa mabehewa, karakana ya Tabora,
miaka thelathini na mmoja. Sasa ana kisukari,
nami, Kalunde, mpimaji wa maabara,
ndimi nimchomaye kidole kila alfajiri, kabla ya uji.

Leo kaniuliza, tone likiwa bado kwenye kidole:
"Humo ndani, hasa, ni nini kinachozeeka?"
Sikujua nianzie wapi. Nikaanzia kwake.

Unakumbuka, Baba, mwaka ule vipuri havikuja?
Mkayageukia mabehewa yaliyolala nyuma ya shedi,
yenye kutu, yenye viota vya njiwa,
mkayafungua bolti moja moja.
Springi ya hili ikawa mguu wa lile.
Chuma kisichofaa kikaingia tanuruni
kikatoka bawaba.
Na treni ya Mpanda ikaondoka.

"Nakumbuka. Njaa ilitufundisha kufagia."

Basi ndivyo seli ilivyo.
Sukari ikiwa tele, mnyapara wake hupiga kengele moja tu:
jengeni, jengeni!
Nani ashike ufagio?
Protini zilizopinda hurundikwa kona,
mitokondria kuukuu huvuja moshi,
kila mmoja ana kazi kubwa kuliko taka.

Lakini akiba ikipungua,
nguvu ikiwa ya kukopakopa,
kengele hunyamaza.
Ndipo utando mwembamba huinuka gizani,
hukizunguka kilichochakaa, hukifunga kama mtumba,
hukipeleka kwenye kifuko chenye asidi
kikameng'enywe, kirudi kikiwa tofali.
Seli hujila, Baba.
Hujila ili isife.

"Na uzee?"

Uzee ni mnyapara aliyezoea kelele:
hata njaa ibishe hodi, hasikii.
Ni kifuko kilichopoteza ukali,
mtumba uliofungwa na usiofika.

Akatazama nje, upande wa Cheyo, reli ziliko.
"Baadaye vipuri vilikuja, vikajaa hadi mlangoni.
Hakuna aliyegusa tena kibovu.
Shedi ikatushinda."
Kisha, kama mtoto: "Basi nami nifunge."

Hapana.
Mtu wa sindano hafungi kwa kusikia hadithi.
Na nyie, vipuri vingekosekana miaka kumi,
si mngeila na injini?

Akacheka mpaka akakohoa.
Akanywa uji wa ulezi, hakuulizia asali,
ingawa dumu lake liko pale, kabatini,
zawadi ya shangazi Nyamizi kutoka Sikonge.

Jioni nimemkuta sakafuni,
kopo la njugu na bolti limemwagwa juu ya gunia,
lile la chini ya kitanda, la "huenda likafaa."
Anachagua. Hasemi.
Kijana wa vyuma chakavu anangoja mlangoni na mizani.

Kabakiza spana moja, namba ishirini na nne.
Hiyo, anasema, bado inashika.