Kitenzi Kikae Wapi

Muharraq, duka la ushonaji lenye mlango wa bluu,
feni moja, mafundi wawili.
Perlita wa Gumaca yuko kwenye cherehani.
Mahganj, ambaye babu yake alitoka Tump na godoro na shoka,
anadarizi mfuko mrefu wa pashk,
sindano inakwenda bila yeye kuitazama.
Mimi mpiga pasi. Naitwa Yellayya.
Kiarabu chetu ni cha dukani: leta, bei gani, kesho,
kimechakaa kama kitambaa cha kupangusia meza.

Wakichoka nacho, hulinganisha vyao.
Maji?
Tubig, anasema mmoja.
Ap, anasema wa pili, kwa ufupi,
kama mtu wa jangwani anayeogopa kuyamwaga.
Mpunga ni palay, mchele bigas, wali kanin,
Perlita anahesabu vidole.
Mahganj anacheka: kwetu brinj, na brinj, na brinj.
Lakini niulize tende,
tutafunga duka kabla sijafika katikati.

Salamat, alisema Perlita siku ya kwanza alipopewa chai.
Mahganj akajikagua mikono:
Ndiyo, salamat, mzima kabisa, nani kakwambia naumwa?
Mmoja alikuwa akishukuru,
mwenzake akihakikisha hajavunjika kiungo.

Waligombana mara moja tu, kwa ajili ya "sisi".
Perlita anazo mbili:
tayo, sisi pamoja nawe;
kami, sisi, wewe baki hapo.
Mahganj akaweka sindano chini.
Kwenu mtu husema "sisi" na bado akakuacha mlangoni?
Kwetu ni ma, basi.
Na mtu akisema ma, nitajuaje kama nimealikwa?
Utaona sahani, alijibu Mahganj.

Kisha ile Jumanne simu ikalia, kaka yake Perlita.
Namatay na,
alisema, amefariki tayari,
na mtandao ukakatika hapo hapo.
Lugha yao hutanguliza kitendo,
mwenye kutendwa huja nyuma, akitembea.
Mguu wake ulibaki juu ya kanyagio.
Aliwapitia wote mmoja mmoja, nikaona midomo:
mama, mtoto, dada wa Lucena, mtoto tena.
Dakika nne. Nilikuwa nimesahau pasi juu ya kanzu ya watu.
Simu ikarudi: si Tatay.
Baba.

Jioni Mahganj akasema, bila kuulizwa,
kwangu ilikuwa kinyume.
Ami yangu alipiga kutoka Tump, akaanza, tai pit,
baba yako,
halafu akakohoa.
Nikasimama ndani ya kikohozi kile.
Baba yangu amefanyaje? Ameoa? Anataka pesa? Anakuja?
Kwetu kitenzi hukaa mwisho,
kama mbwa aliyelala kizingitini, lazima umfikie.
Murt.

Wakabishana taratibu, kama watu wanaopimana kitambaa,
lipi baya zaidi:
kukiona kisu kabla ya shingo,
au shingo kabla ya kisu.
Hawakuamua.
Mahganj alimtoa Perlita mkasi mkononi,
akageuza kibao cha mlangoni, saa moja kabla ya wakati.

Mimi sikusema kitu, na hawakuniuliza.
Kitelugu changu huweka kitenzi mwisho, kama Mahganj,
na kina "sisi" mbili, kama Perlita.
Nimekuwa kwenye kona hii miaka sita
nikiwa na nusu ya kila mmoja wao
na kulipwa kwa kanzu.

Brinj ikaja kutoka kwa mpwa wa Mahganj, imefunikwa taulo.
Akasema, kwa lafudhi iliyomfanya Perlita anyanyue uso,
Kain tayo.
Kitendo kwanza. Kisha sisi, ile kubwa.
Nilikuwa nachomoa waya wa pasi, nikitafuta viatu vyangu.
Nikageuka.
Sahani zilikuwa tatu.