Uru Tatu

Mimi ndiye niliyeandika SALUNI YA MAMA TUMU
pale Chikongola, herufi zenye vivuli viwili,
waridi kila pembe, na njiwa ambaye hakuna aliyemwagiza.
Kwa hiyo usinifundishe nakshi. Nakshi ndiyo inayonilisha.

Lakini Bi Somoe alipotandika kitambaa
akaniuliza, "Za ugenini au za nyumbani?"
niliziangalia kwanza za ugenini, kama fundi:
zawadi ya mjukuu wake, kingo za dhahabu,
mwezi una pua, simba amevikwa maua,
malkia mmoja kabebeshwa mapazia, makomamanga,
nguzo, mbwa, ngazi, na nyota nane juu yake.
Nikahesabu brashi, nikakisia bei ya rangi,
nikasahau nilichokuja kuuliza.

Za nyumbani zimelainika kama noti ya siku nyingi.
Kopa, pau, shupaza. Mzungu wa nne ana jicho moja,
jingine limefutwa na dole gumba.
Zinanuka mafuta ya taa na ming'oko ya kuchemsha.
Uru tatu ilipotea msimu ule korosho zilipolala ghalani;
akakata boksi la sabuni, akachora kwa kalamu ya bluu
uru moja, ya pili, ya tatu imepinda.
Fundi yeyote angecheka.

Ndiyo iliyoniangukia.

Na pale, penye weupe uliobaki, weupe mwingi,
nikamwona Esha akifunga zipu ya begi,
akiweka funguo juu ya kopo la tapentaini, taratibu,
kama mtu asiyetaka kumwaga kitu.
Kwa yule malkia angekaa wapi?

Sisemi weupe ndio ukweli na dhahabu uongo.
Jirani yangu Likapa halii mpaka auone mwezi wenye pua;
anasema huzuni yake nayo inataka kuvaa.
Nami siku za furaha naziomba zile za ugenini,
nizigeuzegeuze tu juani, basi.
Ila swali likiwa na meno, nipe boksi la sabuni.

"Umeona nini?"
Nikasema, hii ya mwisho uliipinda.
"Mkono ulitetemeka," akajibu,
akazikusanya karata. Sikuuliza kwa nini.

Kesho yake nilikuwa na bango la duka, Magomeni.
Nikaandika DAWA. Rangi moja. Nikaosha brashi.
Mwenye duka akasimama nyuma yangu, akangoja,
akangoja tena.
"Na njiwa je?"