Safu ya Tatu, Sikio la Kulia

Siku ya kwanza mlinzi aliniamkia kwa adabu:
"Wasafishaji huingilia mlango wa nyuma, mama."
Nami, Mungu anisamehe, nikazunguka.
Nikasimama kando ya mapipa ya taka, theluji ikiniingia viatuni,
dakika tano nzima,
ndipo nikarudi langoni nikamwonyesha kadi:
Wieslawa Kubiak. Kemia, mwaka wa kwanza.
Akaitazama picha. Akanitazama.
Miaka hamsini na mitatu haikufichika popote.

Huketi safu ya tatu, nikiwatega walimu sikio la kulia,
maana la kushoto nililiacha kiwandani,
ukumbi wa kufuma, mitambo mia mbili na arobaini,
tukisemezana kwa midomo tu, kama samaki.
Vijana hudhani nina bidii
kwa jinsi ninavyowakodolea macho wanaofundisha.
Siwakodolei.
Nawasoma midomo.

Dada yangu Halina alisema: "Hizo pesa za vitabu
zingekununulia dirisha."
Kweli. La jikoni linapitisha upepo mpaka leo.
Nimeliziba kwa jedwali la elementi,
na usiku kukivuma, ukingo wa kulia hubanduka,
zile gesi adimu, zisizoshikamana na yeyote,
zikapepea juu ya sufuria ya viazi.

Logariti zilinitoa machozi.
Thelathini na moja kwa mia, kwa wino mwekundu.
Nililia chooni nimewasha mashine ya kukausha mikono
ili nisisikike; nikaiwasha mara nne.
Nilipotoka, Oskar, yule wa kipini puani,
alikuwa ameegemea ukuta ameshika karatasi yake.
Ishirini na nane.
Hatukusema kitu. Tulinunua pončki moja
tukaigawa, jemu ikamwagikia kosa lake la pili,
akacheka kwanza yeye.

Kisha ikaja Jumanne ya maabara.
Daktari Sobczyk, mdogo kwa mwanangu kwa miaka miwili,
alifunua chombo, na kabla hajafungua kinywa
pua yangu ilishafika ukumbi wa rangi,
nilikohamishiwa sikio lilipokufa,
miaka saba, viganja vya buluu hata kanisani,
hata siku ya kumzika mama.
Akachovya kitambaa. Kikatoka kijani cha nyasi changa,
kikatiririka, kikasitasita hewani,
kikaanza kuiva buluu kuanzia pembeni.
Darasa zima likaguna.
"Kwa nini?" akauliza.
Kimya. Kalamu zikainama.
Nikasikia sauti yangu, kubwa mno, sauti ya kiwandani:
"Kinavuta pumzi!"
Wakacheka, si kwa ubaya. Yeye hakucheka.
"Ndivyo hasa. Na jina lake?"

Jina sikuwa nalo.
Akaliandika ubaoni: oksidishaji.
Nililinakili polepole, herufi kwa herufi,
na hasira ikanipanda, hasira ya ajabu, iliyochelewa,
kwamba neno lilikuwepo muda wote ule,
ghorofa ya juu, ofisini kwa mhandisi,
limekunja nne, likinywa kahawa,
nasi chini tumezama hadi viwikoni
katika kitu tulichoambiwa tusikiguse macho
na hakuna aliyetuambia kinaitwaje.
Danuta alikufa bila kulijua. Mapafu.
Angelipenda; alipenda maneno marefu.

Usiku tramu ilipita mbele ya kiwanda.
Siku hizi wanauza viatu humo, na aiskrimu,
na matofali mekundu wameyamulika kama bibi harusi.
Nikaligeukia dirisha, nikalitamka neno
kwa midomo tu, bila sauti,
taratibu, kama nikimwambia mtu
aliyesimama ng'ambo ya mtambo.

Kisha nikafungua daftari.
Ijumaa ni logariti tena.